PRESHA HAIUMI, NDIYO MAANA INATUMALIZA

Wadau, ukitoka Dar kwenda Arusha lazima upite hapa kwetu Segera. Unashuka, unanyoosha miguu, unanunua machungwa, safari inaendelea. Leo twendeni mbele na barabara hiyohiyo mpaka wilaya ya Hai, kuna jambo lilifanyika kule.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walianza mradi ulioitwa AMMP, wa kujua watu wazima wanakufa kwa nini. Walichukua Hai, Morogoro Vijijini na sehemu za Dar, mpaka 2004. Watu walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu wanakaya. Mtu akifa, wanarudi baadaye wanakaa na wafiwa: alianza kuumwa lini? Mkono upi ulilegea? Kauli ilipotea? Maana wengi wanafia nyumbani, hakuna daktari wa kuandika. Mwenye majibu ni shangazi aliyemuuguza marehemu, siyo profesa. Shangazi akifunga mdomo, chuo kinabaki na karatasi tupu.

Kilichoonekana kinatisha. Kati ya watu wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi katika sehemu zote tatu vilizidi kwa mbali vya England na Wales. Wazungu tunaosema wanakula vibaya! Iliyoshukiwa ni presha isiyotibiwa. Na kweli, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulipima watu Ilala na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Katika kila watu 100 wenye presha, hawakufika 20 waliojua kuwa wanayo. Kama 10 tu walikuwa wanatibiwa. Ambaye presha yake imeshuka inavyotakiwa hakufika hata mmoja.

Sasa niwaambie ya nyumbani. Bibi yangu alikuwa na vidonge. Akijisikia vizuri anaacha, anasema "nimepona", na sisi tunaitikia. Asubuhi moja kaamka mdomo umepinda. Majirani wakasema katupiwa jini, siku mbili zikapotea kwa mganga. Hakuna aliyetueleza kwamba presha haiumi, na kwamba kazi ya kile kidonge ni kuishusha. Ukikiacha inapanda tena kimyakimya.

Mwaka 2012 ulifanyika upimaji wa nchi nzima: watu 26 kati ya 100 wenye miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha. Kwa hiyo siyo ya matajiri wa mjini.

Na utafiti siyo mgeni kwetu. Watoto wa Korogwe walikuwemo kwenye majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S. Wazazi walikubali mtoto achomwe sindano. Kupima presha ni mkanda tu kwenye mkono, dakika chache, hata damu haitoki. Wenye vyuo wakija na mashine wawafundishe vijana wa hapahapa kupima, halafu wakiondoka waiache.

Wadau wa Handeni na Korogwe, kama kijijini kwenu kuna anayepita na mashine ya presha, tuambieni ni siku gani. Bibi sasa anatembea na fimbo, atakuja.