Wafalme 16 wa Copán

Mwalimu wa kundi na aandike ubaoni maneno haya matatu: Wamaya, Copán, ukoo. Yasomeni pamoja mara mbili. Nawe unayesoma peke yako nyumbani, yaandike katika daftari lako.

Kila mmoja wetu anayajua mahindi. Lakini asili ya mahindi si Afrika. Yalitoka Amerika, na watu wa huko waliyalima kwa maelfu ya miaka kabla mbegu yake haijavuka bahari kuja kwetu. Miongoni mwa wakulima hao walikuwa Wamaya. Nchi yao ya asili leo imo katika Meksiko ya kusini, Guatemala, Belize, na sehemu za Honduras na El Salvador. Wamaya hawakuisha. Mamilioni yao wanaishi huko hata leo, wakisema lugha zao.

Leo tutazungumza juu ya mji wao mmoja wa kale, nao ni Copán. Magofu yake yako magharibi mwa Honduras, katika bonde la mto, karibu na mpaka wa Guatemala. Mji huo ulitawaliwa na wafalme 16 wa ukoo mmoja, tangu mwaka 426 hadi karibu na mwaka 820. Huo ni muda wa miaka 400 hivi.

Huenda ukauliza, "Tumeyajuaje mambo ya zamani kiasi hicho?" Jibu ni fupi. Tumeyajua kwa sababu waliandika, na kwa sababu watu wa siku zetu wamejifunza kuwasoma.

JIWE LA WATU 16

Katika magofu ya Copán kuna jiwe la pembe nne ambalo wataalamu huliita Madhabahu Q. Lilichongwa mwaka 776. Kila upande una sura za watu wanne walioketi. Hesabu mwenyewe: nne mara nne ni ngapi? Ni 16.

Zamani wataalamu wengine walidhani kuwa watu hao ni wachunguzi wa nyota waliokutana kufanya mkutano. Walikisia hivyo kwa sababu waliziona picha, lakini maandishi hawakuweza kuyasoma. Maandishi yaliposomwa, ilijulikana kuwa hao ni wafalme wa Copán, wamepangwa kwa zamu zao za kutawala. Karibu kila mmoja ameketi juu ya alama za jina lake mwenyewe. Basi jibu lilikuwa palepale, chini ya miguu yao.

WAMAYA NA SILABI

Ninyi mlianza kusoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Wamaya nao walikuwa na alama za silabi. Walikuwa pia na alama nyingine ambazo moja tu hutosha kuwa neno zima. Tuchukue mfano wa jagwa, mnyama mkubwa wa huko anayefanana na chui. Wao walimwita balam. Mwandishi aliweza kuchora kichwa cha jagwa, ikatosha. Au aliweza kuandika alama tatu, ba, la, ma, na msomaji akaiacha ile "a" ya mwisho bila kuitamka.

Elimu hiyo ilipoteaje? Wahispania waliitawala nchi, na vitabu vya Wamaya vikachomwa moto. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, padri Diego de Landa aliamuru vingi viteketezwe. Baada ya vizazi vichache hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya babu zake. Mawe yalibaki yamesimama msituni, yakiwa kama barua isiyo na msomaji.

Mwaka 1952 mtaalamu wa Kisovieti, Yuri Knorozov, alionyesha kuwa nyingi za alama hizo ni silabi. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff, mwanamke aliyefanya kazi Amerika, alionyesha kuwa mawe hayo yanaeleza habari za watawala: kuzaliwa kwao, kutawazwa kwao na vita vyao. Tangu hapo mlango ukafunguka.

MFALME WA KWANZA

Mfalme wa kwanza aliitwa K'inich Yax K'uk' Mo'. Katika jina hilo, k'uk' ni ndege mwenye manyoya marefu ya kijani, na mo' ni kasuku mkubwa. Maandishi yasema alifika Copán mwaka 426 au 427, akiwa amekwisha kupewa utawala. Alikuwa mgeni. Chini ya hekalu kubwa la mji wataalamu walichimba wakakuta kaburi la mzee, na wengi wanaamini ndilo kaburi lake. Mifupa yake ilipopimwa ilionyesha kuwa hakukulia Copán. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika zamani, ukapona vibaya.

Wafalme waliomfuata hawakumsahau. Kila mara walijenga hekalu jipya juu ya lile la zamani, mahali palepale alipozikwa, ili kila mtu aone kuwa utawala wao umetoka kwake.

KIFO CHA MFALME WA 13

Mfalme wa 12 alitawala miaka 67, tangu 628 hadi 695. Baada yake alikuja wa 13, Waxaklajuun Ubaah K'awiil. Huyu aliupamba mji kuliko wote. Katika uwanja mkubwa alisimamisha nguzo za mawe zenye sura yake, zikichongwa kwa ustadi hata ungedhani nguo zake zinacheza kwa upepo. Mwanzoni mwa mwaka 738 alizindua uwanja mpya wa mchezo wa mpira.

Lakini upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita 50 hivi, ulikuwako mji mdogo wa Quiriguá chini ya mamlaka ya Copán. Mfalme wake, K'ak' Tiliw Chan Yopaat, alikuwa ametawazwa chini ya usimamizi wa huyohuyo mfalme wa 13. Mwaka 738, miezi michache tu baada ya uwanja kuzinduliwa, mtawala huyo mdogo alimkamata mkubwa wake, akamkata kichwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mawe ya Quiriguá yanasema wazi kuwa mfalme wa Copán alikatwa kichwa. Mawe ya Copán yanasema tu kuwa alikufa vitani. Tukio ni moja, waandishi ni wawili, na kila mmoja ameandika kwa faida ya mji wake. Msomaji mwema hasomi upande mmoja tu.

Quiriguá ikatajirika. Mwaka 771 mfalme wake alisimamisha jiwe lenye urefu wa zaidi ya meta 10, kubwa kuliko mawe yote yaliyosimamishwa na Wamaya. Huko Copán, mfalme wa 14 hakusimamisha nguzo hata moja ya jina lake.

NGAZI YA MANENO

Mfalme wa 15 aliinua tena heshima ya mji kwa maandishi. Mwaka 755 alikamilisha ngazi kubwa ya mawe iliyoanzwa na yule wa 13, akaifanya ndefu zaidi. Ngazi hiyo ina alama zaidi ya 2,000, nayo ndiyo maandishi marefu kuliko yote ya Wamaya yaliyochongwa katika mawe. Inaeleza habari za wafalme waliotangulia, na inawaonyesha kuwa mashujaa wa vita.

Baadaye ngazi iliporomoka. Ilipojengwa upya katika miaka ya 1930, hakuna aliyeweza kuisoma, kwa hiyo mawe mengi yaliwekwa pasipo mahali pake. Fikiri kitabu kilichofumuka, kisha kikashonwa na mtu asiyejua kusoma. Kazi ya kuzipanga kurasa hizo imewachukua wataalamu miaka mingi.

MWISHO WA UKOO

Mfalme wa 16, Yax Pasaj Chan Yopaat, alitawazwa mwaka 763. Yeye ndiye aliyeamuru lichongwe lile jiwe la watu 16. Upande wa mbele, mfalme wa kwanza anamkabidhi yeye fimbo ya utawala. Je, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 300 aweza kumpa mwenzake fimbo? Hawezi. Jiwe hilo halisimulii tukio lililotokea, linadai haki. Nyuma yake walizikwa jagwa 15, mmoja kwa kila mfalme aliyetangulia.

Mfalme alikuwa na haja ya kudai hivyo. Watu wa bonde walikuwa wameongezeka mno, na wakubwa wa mji walikuwa wakijijengea nyumba zenye mawe ya kuchongwa kama za wafalme. Katika nyumba moja ya namna hiyo imekutwa sanamu ya mwandishi, ameshika kalamu na kombe la wino. Tazama heshima aliyopewa mtu ajuaye kuandika.

Mwaka 822 mtu mwingine, Ukit Took', alijaribu kukalia kiti cha Copán. Akaagiza jiwe lake mwenyewe, kwa mfano wa lile la watu 16. Upande mmoja ulimalizika. Wa pili ulianzwa tu. Pande mbili zilizobaki ziko tupu hata leo. Fundi aliweka patasi yake chini, na hakuna mfalme mwingine aliyemwita.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ukoo: watu wa asili moja.
Kutawazwa: kuwekwa katika utawala.
Magofu: majengo ya kale yaliyobomoka.
Patasi: chombo cha fundi cha kuchongea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wataalamu wa zamani walikosea juu ya watu 16 wa Madhabahu Q?
2. Tangu mwaka 426 hadi mwaka 776 ni miaka mingapi?
3. Copán na Quiriguá ziliandikaje habari za kifo cha mfalme wa 13? Kwa nini hazikuandika sawasawa?
4. Andika majina ya wazee wa ukoo wako, kuanzia wewe kurudi nyuma, kadiri unavyoyajua. Kisha mwulize mzee mmoja akuongezee mengine, nayo uyaandike.

Kwaherini, ndugu. Tukutane katika somo lijalo.