Nyumba ya Zamani na Baridi ya Usiku

Ninyi wenyeji wa Miti, mnaijua baridi ya kwenu. Mlima Kahuzi, wenye urefu wa mita 3,308, uko karibu. Katika kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, mbingu haina mawingu usiku, na joto la mchana linapotea upesi. Mtoto analala akitetemeka, na mzee anakohoa mpaka alfajiri.

Watu wanafanya nini? Wananunua makala. Kijana anarudi toka machimboni na fedha kidogo. Fedha zinaisha katika gunia la makala, na nyumba ingali baridi. Sababu ni nini? Maji hayajai katika kikapu, na joto halikai katika nyumba yenye nyufa. Basi zibeni kwanza, ndipo mnunue kuni.

Jina la kijiji ni Miti, walakini kuni si za bure. Msitu wa Kahuzi-Biega ni hifadhi tangu mwaka 1970, na kukata miti ao mianzi ndani yake ni marufuku. Tumieni vitu vya kwenu.

1. Ukuta. Usiku wa upepo, pitisheni mkono pole pole kando ya mlango na dirisha, na pale ukuta unapokutana na sakafu. Mkisikia baridi, tieni alama. Asubuhi changanyeni udongo wa mfinyanzi, majani makavu yaliyokatwa vipande na mavi ya ng'ombe. Zibeni nyufa, kisha pakeni ukuta wote.

2. Mfereji. Ukuta wenye maji ni ukuta wa baridi. Chimbeni mfereji kuzunguka nyumba, ili maji ya mvua yaende mbali. Msirundike udongo wala takataka ukutani.

3. Dari. Joto hupanda juu. Nyumba za kale za majani zilishika joto vizuri. Manjanja yanadumu, lakini yanapoa upesi. Basi fungeni dari ya matete ao mikeka juu ya chumba cha kulala. Msiwashe moto chini ya dari hiyo, maana itaungua.

4. Kuni. Kuni mbichi zina maji mengi. Nguvu ya moto inaishia kuyakausha, na moshi unaumiza macho na kifua. Pasueni mikaratusi yenu, mzipange kuni chini ya paa mahali penye upepo, mziache miezi sita.

5. Maji ya moto. Moto wa chakula cha jioni ukingali unawaka, pasheni maji, lakini yasichemke. Yatieni katika chupa, mfunge sana, mzungushe kitambaa, mweke kitandani. Hayo hayahitaji kuni nyingine.

Sasa sikilizeni neno kubwa. Msiingize mbabula yenye makala katika chumba cha kulala, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Yanatoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo inaingia katika damu na kushika nafasi ya hewa njema. Mtu anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, anataka kutapika. Kisha usingizi unamshika, naye haamki tena. Nyumba iliyozibwa vizuri inaua upesi kuliko ile yenye nyufa.

Mkiona dalili hizo, fungueni mlango, toeni watu wote nje, mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja.

Moto ukae jikoni, mbali na vitanda. Jiko liwe na tundu juu la kutoa moshi, na tundu hilo msilizibe kamwe.

Anzeni mvua zinapopungua, kabla ya Juni. Udongo mnao, mikono mnayo. Fedha za makala zitabaki kwa chumvi, sabuni na karo ya watoto.