Tarakilishi ya kipofu inaponyamaza: chunguza kabla ya kukata tamaa

Mwanamume mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa ameshikwa mkono na dadake. Ni karani wa hesabu katika kampuni moja jijini Nairobi. Miaka kadhaa iliyopita alipoteza uwezo wa kuona kutokana na glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho ambao wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Siku hiyo presha yake ya damu ilikuwa 170 kwa 105. Alisema halali usiku na moyo unamwenda mbio. Nilimwongezea dawa nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi, presha ilikuwa pale pale. Ndipo nilipomuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mwanzo: "Kuna jambo gani kazini?" Akajibu, "Daktari, tarakilishi yangu imenyamaza. Nimewaficha wakubwa wangu kwa wiki tatu. Wakijua, nitafutwa."

Kijana anayenisaidia kliniki alibonyeza vitufe viwili tu, mashine ikaanza kusema. Mzee yule alilia. Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kuhusu programu hizi, na ninaona inafaa nikueleze, msomaji, kwa sababu huenda wewe, mzazi wako au mfanyakazi mwenzako akazihitaji.

Hufanyaje kazi?

Tarakilishi inayozungumza ina sehemu mbili. Ya kwanza ni programu ya kusoma skrini. Kazi yake ni kutambua maandishi, orodha na vitufe vilivyo mbele ya mtumiaji. Ya pili ni programu ya sauti, ambayo hupokea maandishi hayo na kuyageuza kuwa matamshi. Ya kwanza ni kama jicho, ya pili ni kama ulimi. Baada ya hapo sauti hupitia spika au vipokea sauti vya masikioni. Kimya kinaweza kutokea katika hatua yoyote kati ya hizi tatu, na tiba hutegemea mahali penye ugonjwa.

Programu zinazotumika sana kwenye tarakilishi za Windows ni JAWS, ambayo huuzwa, na NVDA, ambayo ni ya bure. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia ambaye mwenyewe ni kipofu.

Hakuna sauti kabisa

Anza na yaliyo rahisi. Je, sauti ya mashine imepunguzwa? Je, waya umechomoka? Je, kuna vipokea sauti visivyo na waya vilivyoachwa vikiwaka ndani ya mkoba? Mara nyingi mashine huwa inazungumza, lakini inazungumzia ndani ya mkoba huo. Skrini ya ziada ikiunganishwa pia inaweza kuchukua sauti, hata kama haina spika.

Kama njia ya sauti ni nzima, shuku vitufe. Katika NVDA, ukibonyeza Insert pamoja na herufi S, programu hubadili namna ya kuzungumza, na mojawapo ya namna hizo ni kimya. Hilo ndilo lililompata mgonjwa wangu: kidole kiliteleza alipokuwa akiandika. Bonyeza Insert na S, sikiliza, kisha rudia polepole hadi sauti irudi. Ukisikia milio mifupi badala ya maneno, uko njiani, endelea.

Isipojibu, huenda programu imekwama. Bonyeza Ctrl, Alt na N kwa pamoja ili kuianzisha upya, ikiwa njia hiyo iliwekwa wakati wa kuisakinisha. Hata hilo likishindikana, usikae gizani. Katika Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na Enter. Msomaji mwingine aliyemo ndani ya mashine, aitwaye Narrator, ataanza kuzungumza, nawe utaweza kutafuta kosa bila kumngoja mtu. Mfundishe kila kipofu unayemjua vitufe hivi vitatu.

Sauti inakatika

Kama unatumia JAWS na kila mara inaacha kufanya kazi baada ya dakika 40, hiyo si hitilafu. Inamaanisha programu haioni leseni yake, nayo hufanya kazi kwa muda huo tu hadi mashine izimwe na kuwashwa tena. Wasiliana na aliyekuuzia.

Sauti ikikwamakwama, funga programu usizotumia, kisha washa mashine upya. Kama silabi za kwanza zinamezwa, jaribu vipokea sauti vya waya. Vile visivyo na waya hulala vikikaa kimya, na vinapoamka huwa neno limeshapita. Usilipuuze jambo hili. Katika sentensi "Usinywe dawa hii", silabi mbili za kwanza ndizo zenye uhai.

Inasoma Kiswahili kama Mzungu mgeni

Hapa jicho ni zima, ila ulimi ni wa lugha nyingine. Sauti ya Kiingereza hulazimisha maneno yetu yafuate kanuni zake, yakatoka yasiyoeleweka. Sauti iitwayo eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, ina Kiswahili. Bonyeza Insert, Ctrl na V, kisha uchague Kiswahili kwenye orodha ya sauti. Haina utamu wa mtangazaji wa redio, lakini utaielewa, na ukiizoea unaweza kuiongeza kasi.

Inasoma kila kitu isipokuwa hati moja

Hapa kosa ni la aliyeituma hati. Karatasi iliyopigwa picha ni picha tu. Programu haioni herufi ndani yake. Katika Windows 10 na 11, NVDA inaweza kujaribu kuyatambua maandishi hayo ukibonyeza Insert na R ukiwa juu ya picha, lakini hukosea, hasa tarakimu. Kwa hivyo usitegemee njia hii kusoma kipimo cha dawa au matokeo ya maabara. Uliza upewe maandishi halisi.

Ninakiri kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nikiwatumia wagonjwa picha za matokeo kwa simu. Siku hizi huyaandika. Waajiri, benki na shule wafanye vivyo hivyo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo.

Ushauri wa daktari

Kwanza, linda masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kwa asiyeona, sikio ni mali isiyo na badala.

Pili, mpangilio ukishakuwa mzuri, uhifadhi kwa Insert, Ctrl na C. Ukivurugika, Insert, Ctrl na R huurudisha.

Tatu, kama wewe unaona na unaitwa kusaidia, usiguse kitu kabla ya kumwambia mwenye mashine unachofanya.

Nne, kama una miaka zaidi ya 40, una kisukari, au kuna mtu wa ukoo wenu mwenye glakoma, kapimwe macho. Glakoma haiumi mwanzoni, na macho iliyoyaharibu hayarudi.

Mgonjwa wangu bado yuko kazini. Presha yake imeshuka, na nimempunguzia zile dawa nilizomwongezea bure.