Kifungo cha Malkia kwenye gwanda la Keya

Gwanda lilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, juu yake kanga mbili zilizochakaa. Mwenyeji wangu wa Rudewa, Kilosa, alilitandaza mkekani taratibu, kola kwanza, kisha mikono.

"La baba hili. Alikuwa Keya, alirudi nalo kutoka Burma. Likague, mjukuu wangu."

Mnunuzi kutoka mjini alikuwa ameshataja bei, kisha akasita. Kifungo kimoja kilimtia shaka.

Vifungo ni vinne, vyote vya shaba. Vitatu vina taji lililoinuka mgongo, taji la enzi za Mfalme. Cha nne taji lake limebonyea katikati, nalo lilikuja enzi za Malkia Elizabeth II, aliyerithi kiti mwaka 1952. Wanajeshi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo Keya, yaani askari wa King's African Rifles, walikuwa bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Hesabu inagoma.

Ila vifungo vya shaba vya gwanda la kaki aghalabu havikushonwa. Vilipitishwa kwenye tundu na kushikwa nyuma kwa kipete, ili vitolewe nguo ikifuliwa. Kwa hiyo kifungo ni shahidi mhamaji, na wauzaji wajanja wanalijua hilo: kipande cha shaba halali hupandishwa kwenye nguo ya juzi, ikauzwa kama ya vita.

Mimi huanzia kwenye uzi. Nilichomoa unyuzi mmoja kutoka ndani ya pindo nikauchoma. Ukawa jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua, maana yake pamba. Poliesta ya nguo za juzi ingeyeyuka ikaganda kama shanga. Kisha tochi ya kukagulia noti. Kola iling'aa samawati, lakini hiyo ni sabuni ya unga ya miaka ya karibuni. Ndani ya mshono, kusikofikiwa kirahisi na sabuni, giza tupu; kitambaa chenyewe haking'ai. Nikapindua mfuko: kaki ya ndani imekoza, ya mabegani imepauka, na kwapani pana ramani ya jasho. Anayechakaza nguo kwa majani ya chai na mawe aghalabu huibadili rangi sawasawa kila mahali, hata pale jua lisipofika.

Heri gwanda la Keya; sare za askari wa Mjerumani, waliopita Kilosa kabla Waingereza hawajaiteka Agosti 1916, zina kasheshe zaidi. Pwani ilikuwa imezingirwa na nguo hazikuja kwa urahisi, hivyo pamba ilisokotwa na kufumwa humu humu nchini. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, ameandika kwamba vitambaa vilitiwa rangi ya mti uitwao ndaa. Kitambaa cha namna hiyo hakiwezi kulingana kila mahali. Mimi nikiletewa sare ya mwaka 1917 yenye kaki safi, mshono ulionyooka na tai anayemeremeta kwenye tarbushi, nairudisha kabla sijaulizwa bei.

Nilimwambia mzee kwamba gwanda sina wasiwasi nalo, kifungo ndicho mgeni. Akacheka mpaka akakohoa.

"Cha baba nilikipoteza nikichezea, nikiwa mdogo. Hicho nilibadilishana na mwenzangu kwa maembe mawili, nikakipachika kabla baba hajarudi kutoka shamba."

"Basi mweleze mnunuzi hivyo hivyo, babu."

"Nitamweleza." Alikuwa ameshachomoa kipete kwa ukucha. "Lakini hiki hakipati."