Kuzisikiliza Santuri za Kwanza za Siti binti Saad

Wengi wazisikiapo mara ya kwanza santuri za kale za Siti binti Saad hawakawii kuziondoa. Husema sauti ni nyembamba, mkwaruzo ni mwingi, na wimbo wakatika kabla haujakolea. Hatuwalaumu. Lakini twaona yafaa kueleza jinsi santuri hizo zilivyofanywa, maana ajuaye hayo husikia zaidi.

Siti, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alihamia mjini Unguja mwaka 1911. Mwezi wa Machi 1928 yeye na wenzake, akina Subeti bin Ambari na Mwalimu Shaabani, walivuka bahari mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice. Uso mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu, au zaidi kidogo. Nyumbani kwake Ng'ambo wimbo ulikwenda kadiri ya hamu ya watu: ubeti ukarudiwa, udi na fidla zikajibizana, mtunzi akazidisha neno papo hapo. Bombay hapakuwa na nafasi hiyo. Basi tusikialo ni kanzu ya mtu mzima iliyopunguzwa imkae mtoto.

Hata hivyo maneno hayakupunguzwa nguvu. Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili cha mjini, nacho kilieleweka na mpishi, mchukuzi na mwenye duka vilevile. Kwa sababu hiyo, zaidi ya utamu wa sauti, kufikia mwaka 1931 zilikwisha kuuzwa santuri 72,000 hivi za Siti na wenzake.

Chukueni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, aliuawa Unguja. Kijiti akatorokea bara. Wanawake walioshuhudia wakaadhibiwa wao, kwa habari ya pombe waliyonunua. Asiyeweza kusema neno mbele ya hakimu alilisikia likisemwa na santuri, barazani, mchana kweupe, na kila ilipochezwa kesi ilisikilizwa upya. Siti alifariki mwaka 1950. Wimbo huo bado wamtaja Kijiti kwa jina lake.

Anzeni na huo. Usikilizeni mara mbili, ya kwanza kwa kuzoea mkwaruzo tu.