Unauza Nyumba Burnt Forest? Usianze na Wakala, Anza na Hati

Ukishuka kwenye matatu Burnt Forest na kutaja mbele ya watu wawili kwamba una nyumba ya kuuza, kabla jua halijatua utakuwa umepigiwa simu na watu usiowajua. Mmoja ni mwendesha boda, mwingine ana duka la pembejeo, wa tatu anajulikana mjini kote kama broka. Kila mmoja ana mteja, na mteja wa kila mmoja ana pesa taslimu. Hakuna kati yao atakayeanza kwa kukuuliza kama hati iko kwa jina lako.

Mjadala wa kuuza mwenyewe au kutafuta wakala umezoeleka kuwa mjadala wa kamisheni. Watu huuliza wakala anachukua ngapi, kisha huamua. Kwa mji huu ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ambako nyumba nyingi zimekaa juu ya kipande cha shamba la urithi, naona swali hilo limewekwa mbele ya maswali makubwa zaidi. Hata hivyo, tuanze na hizo pesa, kwa sababu ndizo zinazowaumiza wengi bila wao kujua.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu, iliyoezekwa mabati, kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Mwenye nyumba ni mama mzee. Anamwambia broka, "Mimi nataka milioni tatu na laki mbili mkononi. Ukipata zaidi, ni yako." Anaamini ameokoa pesa, maana hajaahidi kamisheni. Broka anamtajia mteja milioni tatu na laki sita. Siku ya kuja kuona nyumba anamvuta mama kando ya tangi la maji na kumnong'oneza, "Mama, akikuuliza bei, mwambie aongee na mimi." Mama ananyamaza kwenye boma lake mwenyewe huku bei ya nyumba yake ikijadiliwa na wengine. Cha juu cha laki nne ni zaidi ya asilimia 11 ya pesa zilizotoka mfukoni mwa mnunuzi. Wakala ambaye wangekubaliana naye kwa maandishi asilimia 3 ya bei hiyo hiyo angechukua shilingi 108,000, na mama angejua kila shilingi imekwenda wapi.

Na madhara ya cha juu hayaishii hapo. Mkataba ukifika kwa wakili lazima uwe na bei moja. Ikiandikwa milioni tatu na laki mbili, mnunuzi atauliza laki nne zake ziko wapi. Ikiandikwa milioni tatu na laki sita, mama anakiri kwa sahihi yake kupokea pesa ambazo hazikumfikia, na siku mauzo yakivunjika ndiye atakayedaiwa kuzirudisha. Broka hatakuwa kwenye karatasi hiyo hata kwa jina moja. Kwa maoni yangu, hakuna njia mbaya zaidi ya kuuza nyumba kuliko hii, na ndiyo inayotumika zaidi mashinani.

Wakala halisi ni mtu mwingine kabisa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, ni ya mwaka 1984. Inakataza mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo unapoambiwa "mimi ni ejenti", una haki ya kuomba nambari ya usajili na kuihakikisha kwenye bodi yenyewe. Anayekasirika kwa kuulizwa hivyo amekwisha kujibu.

Yapo mambo ambayo watu wetu wa ughaibuni huyaleta kutoka huko waliko, na si yote yanatufaa. Marekani, kwa mfano, mawakala hutumia orodha za pamoja za nyumba zinazouzwa, na kwa miaka mingi kamisheni ilizoeleka kuwa asilimia 5 hadi 6, ikigawanywa kati ya wakala wa muuzaji na wa mnunuzi. Machi 2024 chama cha kitaifa cha mawakala huko kilikubali kulipa dola milioni 418 ili kumaliza kesi za wauzaji waliolalamikia mtindo huo. Mtu wa huko akiamua kuuza mwenyewe anaokoa gharama kubwa, ila anajiweka mbali na soko. Burnt Forest hakuna orodha kama hiyo. Soko letu ni kanisani baada ya ibada, kwenye foleni ya kupeleka maziwa, chamani na kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule. Mtu aliyeishi hapa miaka thelathini analo soko hilo tayari.

Ndiyo maana nyumba iliyo ndani ya shamba dogo, nje ya kituo, ningemshauri mwenyewe aiuze bila wakala. Mnunuzi wake mara nyingi ni jirani anayetaka kupanua shamba la viazi au kumpatia kijana wake mahali pa kujenga. Jirani anajua bikoni ziko wapi, anajua maji hutuama upande gani mvua ikizidi, anajua njia ya kuingilia ni ya nani. Wakala hana cha kumwongezea huyo. Pesa ambazo zingekwenda kwake zimlipe mthamini aliyesajiliwa ili ujue bei ya haki kabla ya kufungua mdomo, na wakili wa kuandika mkataba. Wakili si wa hiari. Sheria ya Mawakili hairuhusu mtu asiye na sifa kuandaa hati za kuhamisha ardhi kwa malipo, na ile fomu inayochapishwa saiba na kujazwa majina haitakulinda siku ya kesi.

Nyumba iliyo karibu na barabara kuu ni habari tofauti. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, wanaotafuta ploti kandokando ya barabara hii si wakulima tu. Wamo wafanyabiashara, wanariadha wanaowekeza na Wakenya walio nje. Mnunuzi wa aina hiyo humjui, na yeye hakujui. Anataka picha nzuri, nakala za karatasi na mtu wa kujibu simu usiku kwa sababu yeye yuko saa nyingine ya dunia. Hapo wakala aliyesajiliwa anastahili malipo yake. Anastahili pia pale wenye nyumba wenyewe wanapoishi Nairobi au Doha na nyumba ya wazazi imebaki na mlinzi.

Ila mkataba wake uandikwe kabla hajaleta mtu hata mmoja. Utaje asilimia yake, na useme wazi kwamba hana ruhusa ya kuongeza cha juu. Utaje muda, tuseme miezi mitatu, na baada ya hapo uko huru. Useme kamisheni inalipwa lini: mimi ningesisitiza ilipwe mauzo yakikamilika, wala si siku ya malipo ya kwanza, kwa sababu mauzo mengi hukwama katikati. Useme kama unaweza kumuuzia jirani yako bila kumlipa wakala. Na kwa hali yoyote usimpe hati ya kumruhusu atie sahihi kwa niaba yako, wala pesa za mnunuzi zisipitie kwenye simu yake.

Lakini liko jambo linaloharibu mauzo yote mawili, ya mwenyewe na ya wakala, nalo ni haraka. Burnt Forest inaijua bei ya haraka kuliko miji mingi ya Kenya. Baada ya machafuko ya mapema miaka ya 1990, na tena baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zipo familia zilizouza mashamba kwa bei ya kutupa, na zipo zilizobadilishana na watu wa mbali vipande ambavyo hawakuvikagua. Serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani mwezi Mei 2008, lakini aliyekwisha kuuza hakuwa na pa kurudi. Muuzaji mwenye hofu hachagui kati ya wakala na kuuza mwenyewe. Anapokea anachopewa, na anayenufaika ni yule aliye katikati.

Siku hizi haraka inakuja kwa sura nyingine: bili ya hospitali, karo, nauli ya kwenda nje. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret kuhusu mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada, na baadhi yao walieleza jinsi walivyouza ardhi na mifugo ili kulipa ada. Uchungu wao ulikuwa wa pesa zilizolipwa na safari zisizofika. Mimi huwaza pia juu ya yale mashamba. Kitu kinachouzwa ili tarehe ya malipo isipite hakiuzwi kwa thamani yake. Familia yenye uwezekano wa kukopa chamani au kwenye sako kwa miezi michache, hata kwa riba, ifikirie hilo kabla ya kuita mnunuzi.

Haraka pia hugongana na sheria. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, uwe na sahihi za pande zote na zishuhudiwe. Ardhi ya kilimo haiwezi kuhamishwa bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967 inasema mauzo yasiyo na kibali ni batili. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mume anayemwambia mnunuzi "mke wangu hana neno" amemuuzia kesi.

Upande wa kodi kuna nafuu ambayo wauzaji wengi hawaijui. Kodi ya faida ya mauzo ya mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 tangu Januari 2023, na anayeilipa ni muuzaji. Hata hivyo, nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza haitozwi, na vilevile shamba la chini ya eka 50 lililo nje ya manispaa na miji iliyotangazwa rasmi. Mwambie wakili wako alifuatilie hilo mapema.

Sasa turudi kwenye hati. Nyumba nyingi mashinani zimesimama kwenye ardhi ambayo bado ina jina la baba aliyefariki, na watoto wanauza wakidhani barua ya mzee wa kijiji inatosha. Haitoshi. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Urithi. Njia halali inaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, pamoja na mabinti walioolewa, kisha ombi mahakamani, kisha tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kupokea pingamizi. Kwa kawaida miezi sita hupita tangu idhini itolewe kabla ya kuthibitishwa na mali kugawanywa. Ni safari ndefu, na hakuna broka wala wakala anayeweza kuifupisha.

Basi wewe unayewaza kuuza, fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi Eldoret wiki hii, kabla hujamwambia mtu yeyote bei. Ikionyesha jina la mzazi wako, nenda kwa chifu, uende na ndugu zako wote.