Wazoa Taka wa Angani: Sifa na Ila za Planetes

Aghalabu hadithi za kubuni zilizojengwa juu ya msingi wa sayansi hutuonyesha majemadari, vita vya nyota kwa nyota, na mashine zenye nguvu za kutisha, kana kwamba binadamu akiisha kulivuka anga huacha nyuma mshahara, kodi ya nyumba na ufagio. Kinyume cha desturi hiyo, studio ya Sunrise ya Japani ilitoa mfululizo wa anime ambao mashujaa wake ni wazoa taka. Jina lake ni Planetes, neno la Kiyunani lenye maana ya watangatangao. Ulitokana na hadithi ya michoro ya Makoto Yukimura, ukaongozwa na Goro Taniguchi, ukaandikwa na Ichiro Okouchi, na ukaonyeshwa na shirika la NHK kwa sehemu 26, tangu Oktoba 2003 hata Aprili 2004. Rai yangu ni kwamba uzuri wa kazi hii umo katika unyonge wa shughuli iliyochagua kuisimulia, na kwamba ila zake huanza pale inapoingiwa na shaka kuwa shughuli hiyo haitoshi kumshika mtazamaji.

Mwaka ni 2075. Binadamu wamekwisha kufanya makazi Mwezini, na vyombo vya abiria vinakwenda na kurudi. Katika kampuni kubwa iitwayo Technora imo idara ya kukusanya mabaki yanayoelea angani, idara isiyoingiza faida, iliyopewa chumba duni na watumishi nusu ya idadi inayotakiwa, hata wenzao wakaibandika jina la dhihaka, Nusu Idara. Humo yumo Hachimaki, kijana atamaniye chombo chake mwenyewe. Fee, rubani asiyeweza kustahimili siku bila ya sigara. Yuri, mtu mpole wa maneno machache. Na Tanabe, mwajiriwa mpya aliyejaa imani kuliko ujuzi. Yumo pia karani wa kibarua, na naibu mkuu mwenye watoto wengi wa kulisha. Mtu yeyote aliyepata kuajiriwa ofisini atawatambua mara moja.

Sifa ya kwanza ya mfululizo huu ni uaminifu wake kwa elimu. Mwanzo kabisa tunaonyeshwa chombo cha abiria kikienda shwari, na ndani yake Yuri na mkewe. Ghafula parafujo moja, isiyofika urefu wa kidole, inatoboa dirisha, na mke anapotea. Asiyeijua elimu ya mizingo huenda akadhani hizo ni mbwembwe za mchoraji. La hasha. Kitu kinachoizunguka dunia katika mizingo ya karibu huenda kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde moja, mwendo unaoipita risasi ya bunduki mara kadhaa, na kwa kasi hiyo kipande kidogo cha chuma hugeuka kombora. Tangu mwaka 1978 Donald Kessler na Burton Cour-Palais wa shirika la NASA walikwisha kutahadharisha kwamba mabaki yakigongana huzaa mabaki mengine, na hayo yakazaa mengine, hata sehemu fulani za anga zikawa hazipitiki kwa salama. Februari 2009, miaka mitano kasoro miezi michache baada ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa, satelaiti ya mawasiliano ya Iridium iligongana na satelaiti mfu ya Urusi juu ya Siberia, zikavunjika vipande maelfu. Wala jambo hili haliko mbali nasi: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi.

Uaminifu huo huo unaonekana katika mambo madogo. Nje ya chombo hakuna hewa ya kuchukua sauti, basi vitu hupasuka kimya, na kimya hicho hutisha kuliko kishindo. Hospitalini Mwezini Hachimaki anakutana na Nono, mwanamwali mrefu anayemdhania kuwa mtu mzima, kisha anatambua kuwa ana miaka 12 tu: amezaliwa huko, ambako uvutano ni sehemu moja ya sita ya wetu, na mwili wake umejinyoosha kwa kadiri hiyo. Dunia anaiona kwa macho, lakini hawezi kuikanyaga. Hakuna anayehutubia juu ya gharama ya safari za angani. Tunamwona binti akicheza, na hilo latosha.

Sifa ya pili ni insafu. Fundi Temara, mwana wa El Tanika, nchi maskini ya kubuni, analeta vazi la angani lililoshonwa katika karakana ndogo ya kwao. Wakubwa wanalidharau kabla ya kulipima, nalo likipimwa linafaa. Lakini habari za vita nyumbani zinamfikia kabla jasho lake halijazaa matunda. Swali la nani anamiliki neema za anga, na nani anaachiwa makombo, limeulizwa hapo kwa ufasaha uliotimia.

Hapo ndipo ila inapojitokeza, kwa kuwa waandishi hawakutosheka. Nusu ya pili inaliuliza swali lile lile kwa mabomu na bunduki, kwa kuwaingiza wapiganaji wanaotaka kukiteka chombo kiendacho Jupita, na watu tuliowajua kwa tabia wanageuka kuwa wasemaji wa hoja. Kabla ya hapo mizaha nayo ilikuwa imevuka mpaka, kama katika kisa cha walowezi wa Mwezini wanaojifanya maninja, ambacho kingeondolewa pasingepungua kitu. Na Tanabe, kwa sehemu nyingi, analitaja pendo kwa kelele hata mtazamaji akatamani apunguze sauti.

Lakini kelele hizo zinapata jibu karibu na mwisho. Tanabe anajikuta katika jangwa la Mwezi pamoja na Claire, mwanamke aliyejiunga na wale wapiganaji na ambaye sasa hawezi kutembea, hata inambidi ambebe. Hewa inawaishia, na hewa ya mmoja ingemwokoa mwingine. Tanabe anashawishika kuichukua hewa ya Claire, analia, wala haichukui. Pendo lililohubiriwa kwa muda mrefu bila ya kushawishi linathibitishwa na mzigo uliobebwa hatua kwa hatua, na hiyo, ukiitazama vyema, ni kazi ya mzoa taka: kutokiacha kilichotupwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Planetes ni kazi yenye ila zinazoonekana na sifa zinazodumu, nayo yamfaa hasa mtazamaji mwenye subira. Asikate shauri kwa sehemu tano au sita za mwanzo, zenye mizaha mingi. Na akifika kwenye mabomu ya mwisho, akumbuke kwamba ajali iliyoanzisha yote ilifanywa na parafujo moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kuiokota.